Simu ya Wanamaji Uani kwa Baba Mkwe

Simu iliita saa tatu na robo asubuhi, mzee Anyelwisye akiwa amekaa kwenye jiwe la mlangoni. Alikuwa hakai pale kwa starehe. Katika bonde lao lote la Lufingo mtandao ulikuwa mgeni wa kupita, lakini juu ya jiwe lile ulikaa, tena ulikaa pale tu. Ukisogea hatua tano kuelekea migombani, mtu unayeongea naye anageuka bubu.

"Haloo, naongea na nani?" iliuliza sauti.

"Wewe uliyepiga ndiye useme kwanza."

Sauti ikakohoa kidogo. Ikasema ni Luteni Naseeb, wa jeshi la wanamaji, anapiga kutoka Dar es Salaam, na anamtafuta Sajenti Agness. Simu ya Sajenti haipokelewi tangu jana, na kwenye fomu namba hii ndiyo ameiandika kuwa ya dharura.

Mzee akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ila aliposikia neno jeshi magoti yalinyooka yenyewe, hata lile bovu.

"Yupo hapo?" aliuliza Luteni.

"Yupo."

"Yuko mbali na wewe?"

"Hapana. Yuko nyuma ya migomba. Hatua thelathini, na ukikata kona ishirini na tano."

"Vizuri. Mpelekee simu."

"Siwezi."

"Basi mwite."

"Siwezi."

Luteni akaanza kuongea taratibu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagika sabuni. "Mzee wangu, mmegombana na Sajenti?"

"Nitagombana naye vipi, na hatujawahi kusemezana?"

"Tangu lini?"

"Tangu aolewe. Mwaka wa sita huu."

Mzee akasikia kalamu inaandika huko Dar es Salaam. Hakuipenda ile kalamu.

Hapo Luteni hana kosa kubwa. Mtu wa pwani atajuaje kwamba Mnyakyusa wa zamani na mke wa mwanawe hawaonani? Wenyewe wanaita ukutila, kuogopana. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hakanyagi uani kwake, halitaji jina lake; na baba mkwe naye akimwona mkamwana anakuja njiani, anaingia kichakani, hata kama kichaka kina upupu. Wengi siku hizi wameacha. Wanakula meza moja, wanatumiana picha kwenye simu. Lakini mzee Anyelwisye alikuwa hajaacha, na Agness, aliyekuwa anaamuru wanaume wa nchi sita kwenye boti ya mwendo kasi, akija likizo alifunga kitenge kichwani na kuifuata mila bila kunung'unika. Kila alipopita njia ya mtoni aligonga ndoo, ngo, ngo, ngo, ili mzee ajiondoe. Mzee naye kabla ya kutoka nje alikohoa mara mbili. Kwa ndoo na kikohozi walikuwa wameishi miaka sita bila ajali.

"Nisikilize basi," alisema Luteni. "Kikosi kimeitwa. Kuna meli ya mizigo imetekwa kwenye maji ya nchi mwenzetu. Sajenti anatakiwa bandarini kesho saa sita mchana. Lakini leo, kabla ya saa nne, lazima niisikie sauti yake mwenyewe akisema amepokea. Siyo yako, siyo ya mumewe. Saa nne ikipiga sijamsikia, nafasi yake inakwenda kwa mtu wa akiba wa nchi nyingine. Hilo halitoki kwangu, limo kwenye mkataba. Nitapiga tena. Na mzee, kama kuna mtu anamzuia Sajenti asiongee, ni vizuri useme mapema."

Simu ikakatika.

Kile kikosi mzee alikuwa anakijua kuliko alivyojua kitu kingine chochote cha serikali. Alikuwa amekieleza kanisani, kilabuni na kwenye mnada wa ng'ombe. Nchi sita zimepatana, alieleza. Mmoja analeta meli, mwingine mafuta, mwingine ndege ile ya panga kichwani, na sisi tunaleta mafundi na mabaharia. Pwani ya yeyote ikipata shida, wote wanaondoka ndani ya siku mbili. Ni kama msiba, kila nyumba inaleta mkungu wake. Mdogo wake Ezron ndiye aliyemkwaza siku moja kwa kuuliza, sasa chungu cha kupikia ni cha nani, na wakimaliza kinalala kwa nani? Mzee akasema hiyo ni siri ya kijeshi.

Kwenye kikosi hicho, boti ya kwanza kuikaribia meli mbaya ilikuwa inaendeshwa na mkwe wake. Na sasa ilikuwa imebaki robo tatu ya saa kabla boti hiyo haijapewa mgeni, kwa sababu ya hatua thelathini.

Msaada haukuwepo. Mumewe Agness, Baraka, alikuwa na lori lake huko Zambia, na akivuka mpaka wa Tunduma simu yake hufa. Mke wa mzee, Tupokigwe, alikuwa ameondoka alfajiri na kijiji kizima kwenda kuzika kijiji cha Matwebe. Mzee alibaki kwa sababu ya goti. Simu ya Agness yenyewe ilikuwa barabarani, mwendo wa saa nzima, dukani kwa Nurdin, inachajiwa kwa sola, maana umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu. Zaidi ya mzee na mkwe wake, pale nyumbani alikuwepo ng'ombe.

Basi mzee akamwendea ng'ombe.

Banda la ng'ombe lilikuwa katikati, kati ya uani kwake na migomba. Akasimama akiipa migomba mgongo, akakohoa mara mbili. Kule nyuma ufagio uliokuwa unafagia ukanyamaza.

"Wewe ng'ombe," alisema mzee kwa sauti ya kanisani, "jeshi limepiga simu. Kuna mtu anaitwa kazini. Anatakiwa Dar es Salaam kesho saa sita mchana."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Nyuma ya migomba ndoo ikagongwa mara moja, ngo. Amesikia.

"Sasa ng'ombe, ugumu uko hapa. Mkubwa wake anataka sauti ya mwenyewe. Kabla ya saa nne. Na mtandao, ng'ombe, wewe unajua uko wapi. Uko pale kwenye jiwe langu."

Ndoo ikagongwa mara mbili, polepole. Mzee aliielewa vizuri sana. Ilikuwa inasema: uani kwako sikanyagi.

Akajikuta amekasirika na kufurahi kwa pamoja. Alikasirika kwa sababu dakika zilikuwa zinakwenda. Alifurahi kwa sababu ni wakwe wangapi leo, wenye vyeo, wangesita?

"Ng'ombe, mwambie basi," alisema. "Uani kutakuwa hakuna mtu. Mimi nahama. Pakishakuwa kimya, mtu apite, akae kwenye jiwe, asubiri simu iite. Uwanja usio na mwenyewe siyo uwanja wa mkwe, ni uwanja tu."

Hiyo sheria aliitunga pale pale, lakini aliitamka kama aliirithi kwa babu yake. Ndoo ikafikiri kidogo, ikagonga mara moja.

Ila kuhama nako kuna njia yake. Njia ya kutokea uani kwa mzee ilipita mbele ya mlango wa Agness. Upande wa pili hakukuwa na njia, kulikuwa na mteremko wa kushukia mtoni, mkali kama paa la nyumba, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kama kawaida yake. Mzee alivaa koti lake, akavaa gambuti, akashika fimbo, akaanza kushuka kwa heshima. Hatua ya nne heshima iliisha. Fimbo ilikwenda upande wake, yeye akaenda kwa makalio, akipita kwenye magimbi ya jirani kama gogo, mpaka alipokuja kusimamishwa na mwanzi karibu na maji.

Aliyekuwa pale mtoni, kwa bahati yake mbaya, ni Ezron, anakata majani ya ng'ombe wake. Msibani alikuwa ametuma mkewe.

Ezron alimtazama kaka yake kuanzia kofia mpaka gambuti, akamsalimu. "Ugonile, kaka. Umefukuzwa?"

"Nimehama mwenyewe."

"Uani kwako amebaki nani?"

"Jeshi."

Ezron akaweka mundu chini. Mzee ikabidi amweleze yote, luteni, ng'ombe na jiwe, huku akijipangusa tope ambalo halikutaka kupanguswa. Ezron alisikiliza kwa makini kisha akasema kwamba kwa kweli hiyo ni hekima, uwanja usio na mwenyewe. Hakuwahi kuisikia, lakini ni hekima. Akauliza sasa ni saa ngapi, wajue kama mkubwa ameshapiga.

Mzee akatia mkono kwenye koti, akatoa simu, akaisogeza mbali na macho ili asome. "Saa tatu na dakika arobaini na mbili," alisema.

Wote wawili wakaendelea kuitazama ile simu.

"Kaka," alisema Ezron taratibu, "huko kwenye jiwe ameachiwa nini?"

Mzee akaipangusa simu kwa kiganja. Kioo kilikuwa kinasema hakuna mtandao.

Msomaji atasema, si Ezron aipeleke? Ezron ni mzima, ana miguu. Lakini Ezron na Anyelwisye ni wa baba mmoja, na kwa desturi yao mkwe wa mmoja ni mkwe wa wote. Ezron naye alikuwa na miaka sita hajauona uso wa Agness. Alichoweza kufanya ni kumsukuma kaka yake kutoka nyuma, bega kwenye makalio, kama watu wanaotoa gari kwenye tope, na ndivyo walivyopanda. Mzee akishika mizizi ya migomba, Ezron akihema na kuuliza kwa nini hao watu wa bahari hawakutafuta mabaharia Kyela, ambako angalau kuna ziwa. Walipumzika mara mbili. Mara ya pili Ezron alisema kaka amenenepa, na mzee akamwambia huo siyo wakati wake.

Kichwa cha mzee kilipotokeza usawa wa uani, simu ikashika mtandao na ikaanza kuita hapo hapo mkononi. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

Mzee akafumba macho. Ezron, kwa usalama, akafumba yake.

"Kohoa," alinong'ona Ezron.

Mzee akakohoa. Kutoka kwenye jiwe akasikia mtu anainuka ghafla, kisha hatua za kurudi nyuma. Akamwelewa: alikuwa anakuja kinyumenyume, kitenge kimefunika uso, mkono umenyooshwa nyuma. Naye akageuka, akaanza kwenda kinyumenyume, mkono wa simu umetangulia. Ezron alikuwa ameshika pindo la koti lake kama mtoto sokoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaona, kila mmoja alikuwa anaelekea alikodhani mwenzake yuko.

Wakagongana visigino. Simu ikaanguka kwenye tope, ikaendelea kuita kutoka humo.

Watu watatu wakasimama, wamepeana migongo, hakuna mwenye ruhusa ya kugeuka.

"Fuateni mlio," alisema Ezron, macho amefumba.

Mzee akapapasa kwa gambuti kulia. Akasikia kitenge kinachuchumaa, mkono unapiga tope, pa, pa, pa. Mlio ukabadilika. Halafu akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Sajenti Agness hapa, mkuu. Nimepokea."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa imenyooka tu, haina kona, kama barabara mpya. Mzee alikuwa amejiwekea kichwani, miaka yote ile, kwamba mkwe wake ana sauti ndogo, ya mtu wa kugonga ndoo. Akasimama wima kwenye tope lake. Nyuma yake alisikia Ezron naye anabana visigino.

Luteni alikuwa anaongea kwa nguvu, na simu ile ya kitochi haikuwa na siri. Alisema imebaki dakika moja, alikuwa ameshafungua jina la mtu wa akiba. Akauliza kama yuko salama. Agness akajibu yuko salama. Akauliza kama kuna mtu anamshikilia. Agness akajibu hakuna.

"Sasa nifunge fomu. Taarifa ya kwanza ilipokelewa na nani?"

"Baba mkwe wangu, mkuu."

"Jina lake?"

Mzee akasikia kitenge kinavutwa.

"Sajenti, jina."

"Siwezi kulitaja, mkuu."

"Kwa nini? Yuko hapo anakutisha?"

"Yuko hapa, mkuu. Amenipa mgongo."

Ile kalamu ikaanza tena kuandika, na safari hii mzee alijua inaandika nini. Alijua pia kwamba fomu isiyofungwa ni mlango ulio wazi, na mtu wa akiba bado amesimama mlangoni. Mke wa mwanawe alikuwa na neno moja tu la kusema, na asingelisema. Wangeweza kumnyima boti, meli na bahari, asingelisema. Ilikuwa heshima kubwa kuliko yote aliyowahi kupewa, na ilikuwa inataka kumponza aliyeitoa.

Basi mzee akaielekeza sauti yake juu, kwenye miti, mahali ambapo hakuna mkwe wa mtu.

"Andika Anyelwisye. Anyelwisye Mwakalonge, wa Lufingo. Ndiye mimi niliyekataa kumpa simu. Tena nimeikataa mpaka nikashuka nayo mtoni."

Huko Dar es Salaam Luteni Naseeb akaomba atajiwe herufi moja moja, na mzee akamtajia zote, wamepeana migongo vile vile, huku Ezron akisahihisha.

Basi la kutoka Kyela kwenda Dar es Salaam lilikuwa linapita barabarani saa saba mchana. Mzee alitangulia na begi la kijeshi begani, kwa sababu anayetangulia hana haja ya kugeuka, na Agness akafuata nyuma akigonga kikombe cha bati ili umbali usipungue. Ezron aliachiwa nyumba na ng'ombe. Njiani walikutana na watu wawili watatu, wakaona mzee aliyejaa tope mpaka masikioni anabeba begi la serikali huku mwanajeshi aliyevaa nadhifu anamfuata kwa hatua thelathini. Mmoja alimuuliza mzee kwa sauti ya chini amekamatwa kwa kosa gani. Mzee akamwambia apishe.

Dukani kwa Nurdin mzee aliliweka begi chini, akausogelea ukuta wa duka, akasimama akiutazama kwa karibu kabisa, pua kwenye rangi. Nurdin alikuwa ameshazoea. Babu yake alitoka pwani, ila yeye mwenyewe bahari alikuwa ameiona mara moja, akaumwa tumbo. Akamkabidhi Agness simu yake, akamwambia imelia mpaka akaifunika kwa gunia.

"Baba Siham," Agness alimwambia Nurdin, "mwambie mzee asishuke tena ule mteremko. Na goti alikande kwa maji ya moto, siyo ya vuguvugu."

Mzee alikuwa hatua nne kutoka hapo. Nurdin akageuka, akamwambia ukuta kuhusu maji ya moto.

"Mwambie nimesikia," alisema mzee. "Na muulize, hao walioteka hiyo meli wana bunduki?"

"Anauliza wana bunduki?"

Agness akaitia simu mfukoni. "Mwambie wanazo."

"Anasema wanazo."

"Mwambie basi asiwe wa kwanza. Nchi ziko sita. Waanze hao wenye meli yao."

Nurdin akafikisha. Agness akatazama ule mgongo uliokuwa ukutani, koti limechanika kwapani, tope limekauka na kupasuka. "Mwambie mimi ndiye mwendesha boti. Nisipokuwa wa kwanza, hakuna wa pili."

Nurdin akalipeleka hilo nalo, polepole, neno kwa neno. Mzee akakwaruza rangi ya ukuta kwa kucha.

"Mwambie basi aendeshe taratibu."

"Mzee," alisema Nurdin, "chenyewe kinaitwa kikosi cha haraka."

"Wewe mwambie tu."

Nurdin akamwambia. Agness hakucheka. Alisema, mwambie nimepokea, na hapo honi ya basi ikasikika kwenye kona ya chini.

Lilisimama, likachukua mtu na begi, kondakta akapiga bodi, likaondoka. Nurdin alilitazama likipanda mlima kuelekea Mbeya, likibadilisha gia. Dirisha la nyuma lilikuwa na kitenge ambacho hakikugeuka kutazama mbele. Likaingia kwenye kona, likapotea.

"Mzee, geuka sasa. Ameshakwenda."

"Ngoja apite kona."

"Kona ameshapita."

"Ile ya pili."

Nurdin akasikiliza. Akasema hata ya pili naona amepita, maana mlio umeanza kufifia. Mzee akasema bado kuna ile ya kwenye mashamba ya chai, pale mtu akiangalia nyuma anaona huku. Sauti yake ilikuwa imeingia maji kidogo. Nurdin akafungua mdomo amwambie kwamba kutoka kwenye chai hakuna mtu anayeweza kuliona duka lake, hata awe na darubini, akaufunga. Alichukua kigoda, akakiweka nyuma ya mzee, karibu na mguu wenye goti bovu, akarudi ndani kupanga sabuni.

Barabara ile ya Mbeya ina kona nyingi, akamwacha azisubiri zote.